Baba bila posho

Ndugu bafanyakazi, na ninyi bamama benye kusoma hii gazeti kisha kazi ya soko, kuna kitabu kimoja ambacho kila delege wa sendika angepashwa kuwa nacho nyumbani. Kiliandikwa na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Université ya Lubumbashi, na kilitoka mwaka 2001: Bana Shaba abandonnés par leur père. Kinaeleza maisha ya familia ya mufanyakazi wa Katanga tangu 1910 mpaka 1997.

Sisi batoto ba kambi, ile mambo tuliiona kwa macho. Kuanzia miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mufanyakazi akae hapa na bibi na batoto, asirudie mu mugini. Ikajenga nyumba, masomo, hospitali. Ikatoa posho. Bamama bakafundishwa kushona na kupika mu foyer social. Wazee balisema: kazi njo baba, njo mama. Basi ukubwa wa baba mu nyumba ulitoka wapi? Ulitoka mu mufuko wa unga.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mu 1990 mungoti wa Kamoto ulibomoka. Mu 2003 na 2004, bafanyakazi kupita 10.000 balitoka kwa njia ya départs volontaires, ni kusema kutoka kwa mapenzi. Mapenzi ya nani, sijui.

Baba yangu naye alikuwa mutu wa chini ya shimo. Wakati mushahara ulikosekana, mama alianza kuuza makala kwa fungu mbele ya mulango, na usiku alishonea bantu nguo. Baba alisikia haya. Akiona mwenzake wa kazi anapita, aliingia ndani. Lakini bukari ya jioni ilitoka kwa ile makala, na minervali yetu vilevile. Siku moja akasema atauzisha mashini ya kushona. Mama alimujibu polepole: «Baba ya batoto, hii mashini haikukuyaka na posho.» Tulikula kimya. Mashini ilibakia.

Leo mushahara umerudia kidogo, mu kampuni mpya. Kijana anaacha familia Lubumbashi, anaenda kazi Kolwezi ao Fungurume, mara mingi kwa kontra ya miezi michache. Akirudi siku tatu anataka kuamuru kama baba wa 1975, na muke wake ndiye aliyejua mutoto gani aligonjwa, deni gani ililipwa. Nasi ba sendika tuna kosa letu: tukikaa na bakubwa ba kampuni, tunaomba mushahara tu, sawa vile kila nyumba ingali na mutu mumoja anayeileta chakula.

Mu mazungumuzo yanayokuja, mimi nitaomba siku za konje za kurudia nyumbani ziandikwe mu kontra, hata kwa bale ba kampuni ndogo. Na mbele ya kuandika ile liste, tuite bamama. Tuanze na bale benye meza ku soko.