Mbwa Yako Anakungojea ku Mulango

Uko na mbwa ku lupango? Kama hauna, soma vilevile, kwa sababu jirani yako anaye, na watoto wako wanapita pale kila asubui wakienda ku masomo.

Wewe unayetumika usiku, fikiri kidogo namna unavyorudia nyumbani. Tangu wakati wa Wabelgiji, kiwanda cha Shituru kinasafisha shaba, na watu wanaotoka mule wanatoka na harufu moja ya asidi mu nguo. Kwa pua ya mutu wote ni sawasawa. Mbwa yako amelala nyuma ya mulango. Wanaume kumi wanapita mu barabara, hainui hata kichwa. Wewe ukifika tu ku kona, amekwisha simama, mukia unatikisika. Bibi yako hajaamuka, watoto wanalala, lakini kuko mumoja anayefurahi kabisa kwamba umerudi, hata kama umerudi mikono mitupu.

Na pamoja na hiyo, shiye njo watu wa kumuzarau mbwa. Mutu akitaka kumutukana mwenzake, anasema: "Imbwa weye!" Tunasahau kama wababu zetu walienda naye mu pori. Mbwa wa kuwinda wa Kongo, yule mudogo mwenyi masikio ya kusimama na mukia wa kujikunja, habweki kama wengine. Ndiyo maana wawindaji walimufunga kengele ya mti ku shingo, wapate kujua amefika wapi mu majani. Wazungu walimupenda mupaka wakamupeleka kwao, na mwaka 1937 alionyeshwa kule London, watu wakajaa kumutazama. Kwetu hapa alikuwa anafukuzwa na jiwe.

Miaka ya njaa njo ilionyesha nani anapenda mbwa yake na nani hapana. Munakumbuka. Mwaka 1986 Gécamines ilitosha tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwezi wa tisa 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka, na mwaka 1994 tani hazikufika hata 40,000. Kisha, mwaka 2003, watumikaji 10,655 wakaondoka mara moja na feza ya mwisho. Mu nyumba nyingi bukari ikawa mara moja ku siku. Mbwa wengi walifunguliwa mulango, wakaenda kuzunguka ku soko na ku majalala, na ile siku walianza kuwa mbwa wa mutu yeyote, maana yake mbwa wa hakuna mutu.

Mu barabara yetu kulikuwa muzee mumoja, mufiwa, watoto wake walikwisha kwenda Lubumbashi na Kolwezi. Yeye hakufungua mulango. Alikuwa anakwangua bukari yenye kushikamana chini ya chungu, analainisha na maji ya sombe, anamupa mbwa yake. Mama mumoja jirani akamuambia waziwazi: "Muzee, batoto banalala njaa, weye unakulisha imbwa!" Muzee akajibu: "Mama, wakati batu yote balinikimbia, huyu njo alibakia. Nimufukuze sasa, nitabakia na nani?"

Sitamuhukumu yule mama. Alikuwa na watoto watano. Lakini jibu la muzee linaniingia mu roho mupaka leo.

Kama unazani ni uzee tu ulimufanya aseme vile, sikiliza habari ya mbali. Kule Japani, mu muji wa Tokyo, mwalimu Ueno wa chuo kikuu alikuwa na mbwa jina lake Hachiko. Kila mangaribi mbwa alimungojea ku gari la moshi. Mwezi wa tano 1925 mwalimu akafa gafula ku kazi. Mbwa akaendelea kuja palepale karibu miaka 10, mupaka alipokufa naye mwezi wa tatu 1935. Na mwaka 2015 wenye elimu wa inchi ileile walipima: mutu na mbwa yake wakitazamana mu macho kwa wakati murefu, mu mwili wa wote wawili munaongezeka kitu kilekile kinachoongezeka mu mwili wa mama anapotazama mutoto wake. Muzee wetu hakuhitaji kupimwa. Hata Tobia wa mu Biblia, alipoenda safari ya mbali na malaika, mbwa yake alifuata nyuma.

Sasa nafika ku neno lililonifanya nishike kalamu.

Siku moja mbwa ya muzee alikataa kula. Sauti yake ikageuka, kama ya mutu mwenyi mafua. Taya likaanguka, mate yakatiririka. Akiona maji, anakaribia, lakini hawezi kumeza. Muzee akasema: "Mufupa umemukwama mu koo." Wewe ungefanya nini kwa rafiki yako? Akapiga magoti, akafungua kinywa cha mbwa, akaingiza mukono mupaka ndani, akatafuta mufupa. Mufupa hakuna. Jino likamukwaruza kidole, kidogo tu, akafuta damu ku suruali.

Hakuwa mufupa. Ilikuwa raje, wengine wanaita kichaa cha mbwa. Wiki nyingi mbele, mbwa wa barabarani alikuwa amemuuma ku mulango. Watu wengi wanazani mbwa wa kichaa lazima akimbie na kuuma kila mutu. Hapana. Wengine wanapooza taya na kukaa kimya, na hao njo wanaodanganya mwenyi kuwapenda.

Ugonjwa unakaa mu mate. Unaingia ku kidonda, hata kidogo, unapanda polepole mu mishipa mupaka ku bongo. Mara nyingi inachukua miezi miwili ao mitatu, mutu anajiona muzima kabisa. Alama zikitokea, karibu hakuna anayepona. Mu dunia unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na mu watu 10 wanaoumwa na mbwa wa namna ile, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Lakini mbele ya alama dawa iko: tangu tarehe 6 mwezi wa saba 1885, Louis Pasteur alipomuchoma sindano Joseph Meister, mutoto wa miaka 9.

Muzee aliokoka kwa sababu ya mama yuleyule wa bukari. Aliona damu ku suruali, akauliza, akamukokota ku robine. Akamuosha kidole na sabuni, maji yakimwangika dakika 15 nzima, muzee anakasirika: "Unaniosha sawa mutoto!" Kisha akamupeleka kwa munganga siku ileile. Akachomwa sindano, akaambiwa siku za kurudia, na mama akazihesabu yeye mwenyewe, hakuruka hata moja.

Mbwa alikufa ku siku ya tatu. Muzee alimuzika nyuma ya nyumba, chini ya mwembe.

Nilimuuliza: "Muzee, munganga wa nyama hakumuchoma sindano hata siku moja?" Akatazama chini. "Alipita mu barabara. Nilimuficha mu chumba. Nilizani atamuumiza."

Vijana wa jirani wamemupa mutoto wa mbwa, mweusi, mwenyi tumbo nyeupe. Analala ku kitanda cha muzee, anakula mbele ya muzee. Nilipopita juma lililopita niliuliza jina lake.

"Hana jina bado," muzee akasema. "Munganga wa nyama amesema nimulete akitimiza miezi mitatu. Tutamupa jina ku njia ya kurudia."