Linux: Kifurushi kikigawanywa vibaya, kompyuta inabaki bila Wi-Fi

Miti, katika mtaa wa Kabare, jimbo la Kivu ya Kusini, ndipo barabara inayotoka Bukavu inapogawanyika: moja inaendelea Kavumu na Katana kuelekea Goma, nyingine inashika njia ya Hombo na Walikale. Mgeni asiyeambiwa mapema ashike upande gani anaweza kupotea hapo. Watumiaji wa Linux nao hukutana na jambo kama hilo kila mara kifurushi kimoja cha programu kinapogawanywa kuwa viwili au zaidi.

Katika Linux, programu hufika kwenye kompyuta zikiwa vifurushi. Kila kifurushi kina orodha ya vingine kinavyovitegemea, na mfumo huvileta vyote pamoja. Kugawa kifurushi kikubwa kuna faida: anayenunua mega kidogo kidogo hupakua tu kile anachohitaji. Lakini mgawo huo ukikosa maelezo sahihi, hasara inamwangukia mtumiaji.

Mfano wa karibuni ni wa mwezi wa 6, 2025. Arch Linux iligawa kifurushi linux-firmware, chenye faili zinazowezesha kadi za Wi-Fi na za picha kufanya kazi, kikawa vifurushi vingi kufuatana na watengenezaji: Intel, Realtek, NVIDIA na wengine. Jina la zamani halikufutwa. Lilibaki kama kifurushi kitupu ambacho kazi yake ni kuvuta vile vipya, ili aliyezoea jina hilo asipoteze kitu.

Mpango ulikuwa mzuri, ila wakati huohuo mpangilio wa faili za NVIDIA ulibadilishwa. Programu pacman, inayosimamia vifurushi vya Arch, ilisimamisha kazi ikisema faili hizo tayari zipo. Tarehe 21 mwezi wa 6, Arch ilitoa maelekezo: ondoa kwanza linux-firmware bila kujali utegemezi, kisha uisakinishe tena pamoja na masasisho mengine.

Hatari iko kati ya hatua hizo mbili. Mega zikiisha au umeme ukikatika baada ya kuondoa, kompyuta inaweza kuwaka bila Wi-Fi, na bila Wi-Fi hakuna njia rahisi ya kupakua kilichoondolewa. Kwa mtu wa Miti, dawa ni kupakua kila kitu kwanza kwa amri pacman -Syuw, ndipo aondoe na kusakinisha kwa amri pacman -Su linux-firmware, ambayo haihitaji mtandao tena.

Debian ina kanuni zake. Programu dpkg hukataa kifurushi kuchukua faili ya kifurushi kingine. Faili ikihamishwa, mtayarishaji lazima aandike katika kifurushi kipya maneno mawili: Replaces, yaani ruhusa ya kuchukua faili hiyo, na Breaks, yaani toleo la zamani haliwezi kubaki likitumika pamoja na jipya. Yote mawili hutaja toleo ambamo uhamisho ulifanyika. Na kama kifurushi cha zamani bado kinahitaji faili hiyo, kitaje kwamba sasa kinategemea kile kipya.

Hata ghala likigawanywa, shida ni ileile. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 mwezi wa 6, 2023, ilihamisha faili za aina hiyo kutoka sehemu ya non-free kwenda sehemu mpya, non-free-firmware. Asiyeongeza jina hilo kwenye orodha yake ya vyanzo hubaki na matoleo ya zamani, bila masasisho.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali sasisho kubwa, mtumiaji wa Debian atumie kwanza amri apt -s full-upgrade. Haibadilishi kitu, inaonyesha tu kitakachoingia na kitakachoondolewa. Akiona jina analolitegemea kati ya vitakavyoondolewa, asimame kwanza na kuuliza.