DAFTARI LA MVUA NI MALI YA UMMA

Tarehe 7 Novemba, 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za wanavijiji. Katika msiba kama huo swali la kwanza ni hili: shamba la nani limefunikwa, na kwa kiasi gani? Jibu la haki hutegemea kumbukumbu zilizowekwa kabla ya msiba kutokea.

Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za ardhi tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure kwa ulimwengu mzima. Lakini haziwezi kuona chini ya mawingu, na majira ya mvua ndiyo majira ya mawingu. Kwa hiyo hatuna budi kutegemea pia kipimamvua kinachosomwa kila asubuhi.

Hapo ndipo uaminifu unapohitajika. Siku ambayo mpimaji hakupima isiandikwe sifuri. Iachwe wazi na sababu itajwe. Sifuri ya uongo huzua ukame usiokuwapo, na katika mkoa wa Shinyanga, ambako mvua ni haba, kosa hilo laweza kumpotosha mkulima na mhandisi wa bwawa pia.

Ndugu wananchi, ni wajibu wetu kudai kwamba daftari hilo litunzwe vyema, na liwe wazi kwa mkulima na mfanyakazi sawasawa na kwa mwenye mgodi.