Sumu ya Madini katika Bustani ya Mboga

Mkulima, usidhani kuwa mboga iliyostawi haina sumu. Madini mazito kama kadimi yaweza kuingia katika mchicha bila jani kunyauka wala kugeuka rangi. Sababu yake ni kwamba mmea una njia za kujikinga.

Mwili wa mmea umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli hujikinga hivi:

1. Kuta za seli za mizizi hunasa sehemu ya madini yasipite. Risasi nyingi huishia hapo.

2. Kadimi ikipenya, seli hutengeneza nyuzi fupi zenye salfa, ziitwazo fitokelatini. Ziligunduliwa katika mimea mwaka 1985. Salfa huishika kadimi, isiharibu kazi za seli.

3. Kadimi iliyokwisha kushikwa husukumwa katika vakuoli, ambayo ni kama ghala ndani ya seli, ikafungiwa humo.

Basi fahamu: sumu imefungwa, haikuondolewa. Ukila jani, umekula ghala pamoja na kilichomo. Moto wa jikoni hauharibu madini, na kadimi hukaa katika figo za mtu miaka mingi. Huko Japani, kando ya mto Jinzu, maji ya mgodi yaliingia katika mashamba ya mpunga, na watu wakaugua figo na mifupa. Mwaka 1968 serikali yao ilitangaza kuwa chanzo ni kadimi.

Kwa hiyo fanya haya:

(a) Usimwagilie mboga maji yatokayo viwandani, wala usilime penye jalala la betri kuukuu.

(b) Pima udongo. Udongo wenye uchachu huiachia mizizi kadimi kwa urahisi. Tia chokaa kwa kipimo utakachopewa na Bwana Shamba.

(c) Tia samadi iliyooza vizuri; husaidia kuyashika madini udongoni. Usitumie mboji ya takataka zilizochanganyika na betri.

(d) Osha mboga kwa maji safi. Utaondoa vumbi lenye risasi, lakini si kadimi iliyo ndani ya jani.

(e) Shamba lililokwisha kuchafuka, panda miti ya kujengea, si chakula.

Ukiwa na shaka, mwone Bwana Shamba kabla ya kusia mbegu. Usingoje mboga ikuonyeshe dalili. Yenyewe imekwisha kujikinga, bali wewe bado.