Tarakilishi Iliponiambia 'Hakuna'

Mtoto akitumwa jikoni kuleta sukari, akarudi na kusema hakuna, mama mwenye busara hamwamini papo hapo. Huenda sukari imekwisha kweli. Huenda pia mtoto alitazama rafu moja tu. Sisi wanaisimu tunalijua jambo hili na tunalifundisha kila mwaka: 'hakuna' haielezi hali ya ulimwengu tu, bali pia mipaka ya macho ya msemaji. Nami nililisahau siku niliyolihitaji zaidi.

Diski ya tarakilishi yangu ya nyumbani ilikuwa imezeeka na kuanza kukwaruza. Ndani yake mlikuwa na rekodi za wazee wa Vanga na Wasini wakizungumza Kivumba, kazi ya miaka mingi. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Nakala nyingine ya rekodi hizo sikuwa nayo. (Naandika haya kwa aibu, kwani sijui ni wanafunzi wangapi nimewakemea kwa kosa hilohilo.)

Nikanunua diski mpya, nikaiunga kando ya ile kuukuu, nikaweka mfumo wa uendeshaji upya katika ile mpya. Mambo yakaenda vyema kwa siku mbili. Siku ya tatu nilichomoa diski kuukuu ili niipeleke chuoni ikanakiliwe. Nilipowasha mashine, kioo kilibaki cheusi, kikiwa na mstari mmoja tu wa maandishi: hakuna kifaa cha kuanzia kazi.

Nilimwita fundi mmoja. Aliwasha, akazima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii mpya ni mbovu au mfumo umeingia vibaya. Lete na ile ya zamani, nizifute zote mbili tuanze upya."

Kuzifuta zote mbili! Nilimwomba anipe usiku mmoja nifikirie.

Usiku huo nilifanya jambo ambalo ningelifanya mapema: nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akisema 'hakuna'. Tarakilishi inapowashwa, mfumo wa uendeshaji bado umelala diskini. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa mashine. Hiyo hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha hutafuta mahali pa kuuanzisha mfumo, ikifuata orodha iliyowekewa. Katika mashine za zamani ilisoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Katika za siku hizi hutafuta sehemu ndogo ya diski, yenye faili za kuanzishia. Isipoziona, husema hakuna. Haijui habari za faili zilizo kwingineko, wala haidai kuzijua.

Waingereza wana kitenzi chao cha tendo hili la kuianzisha mashine. Asili yake ni kitanzi cha ngozi kilicho nyuma ya buti, na picha ya mtu anayejaribu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Ni kichekesho, lakini kinaeleza tatizo barabara: programu ya kupakia programu nyingine itapakiwa na nani?

Basi nikairudisha diski kuukuu mahali pake, nikawasha. Mashine ikaamka kana kwamba haijawahi kuugua.

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Nilipokuwa nikiweka mfumo upya, diski zote mbili zilikuwa zimeungwa. Programu ya usakinishaji ilikuta sehemu ya kuanzishia tayari imo katika diski kuukuu, ikaona hapana haja ya kutengeneza nyingine. Mfumo ukakaa nyumba mpya, ufunguo ukabaki nyumba ya zamani. Hakuna diski iliyokuwa mbovu, wala mfumo haukuwa umeingia vibaya. Lau ningelichomoa diski kuukuu kabla ya kusakinisha, sehemu hiyo ingalitengenezwa katika diski mpya, nami nisingalikuwa na kisa cha kusimulia.

Sikugusa lingine kabla ya kunakili rekodi mara mbili, nakala moja ikabaki nyumbani na ya pili ikaenda chuoni. Ndipo nikamega sehemu ya megabaiti 100 hivi katika diski mpya, nikaandika humo faili za kuanzishia kwa amri ya mfumo wenyewe. Nikachomoa tena ile kuukuu. Mkono ulinitetemeka nilipobonyeza kitufe, sitaficha. Mashine ikawaka.

Jumatatu fundi alinipigia simu kuuliza kama nimekubali tufute. Nilimweleza yaliyotokea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo Mwalimu, ile ya zamani ilikuwa na nini ndani?"

Swali hilo hakuwa ameniuliza siku ya kwanza. Na mimi, mwenye mali, sikuwa nimemwambia.