"Litapanda?": Rekodi za Umeme na Petroli Zikipimwa kwa Milima ya Chai

Ukianzisha ubishi wa magari ya umeme ukiwa Kericho, swali la kwanza halitakuwa bei. Litakuwa, "Litapanda?" La pili litafuata kabla hujajibu: "Hata likijaa?" Huku kwenye chai, kutoka Kapsoit hadi Mogogosiek, barabara isiyopanda inashuka, na sifa ya gari ni mzigo. Basi nimeokota rekodi za pande zote mbili, za ughaibuni na za nyumbani, nikaziuliza maswali hayo hayo.

Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa

Wengi wataapa lilikuwa la petroli. Lilikuwa la umeme. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères nchini Ufaransa, Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha La Jamais Contente, gari lenye umbo la risasi, kwa kasi ya kilomita 105.88 kwa saa. Siku hiyo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Nairobi. Ilifika mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo anayesema magari ya umeme ni mambo ya juzi, mpe tarehe hiyo. Petroli ilikuja kushinda kwa sababu nyingine: tangi hujaa kwa dakika chache, na mafuta hubebeka kwa dumu. Hoja ya dumu haijafa. Ukiishiwa usiku kati ya Bomet na Narok, dumu la lita tano kwenye bodaboda litakuokoa. Betri ya gari haibebwi hivyo.

Dereva mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Kericho

Hapa petroli inasimama kifua mbele. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari kabla ya kuwa jina. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha tumika. Mwaka uliotangulia ilikuwa mikononi mwa dereva mwingine katika mbio hizo hizo. Alirudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta alimpita baadaye kwa ushindi wa mara tano, minne kati yake mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini rekodi ya Joginder ninayoivulia kofia si ya kushinda. Ni ya kufika: katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Anayeyajua matope ya Aprili anaelewa uzito wa namba hiyo.

Na Volvo nyingine ndiyo inayoongoza kwa maisha marefu. Mmarekani Irv Gordon alinunua P1800 mwaka 1966, na kufikia 2013 alikuwa ameiendesha maili milioni tatu, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Upande wa umeme kuna Mjerumani aliyevusha Tesla Model S kilomita milioni 1.9, ila kwa kubadilisha mota na betri mara kadhaa. Raundi hiyo ni ya petroli, bila ubishi.

Kupanda mlima kwa kasi kuliko yeyote

Sasa jibu la "Litapanda?" Pikes Peak, Marekani, ni mbio za karibu kilomita 20 na kona 156, zinazoishia mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2013 Sébastien Loeb aliweka rekodi ya dakika 8 na sekunde 13 kwa Peugeot ya petroli. Juni 2018 Romain Dumas akaja na Volkswagen ya umeme, akamaliza kwa dakika 7 na sekunde 57.

Siri ni pumzi. Injini huchoma hewa pamoja na mafuta, na kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi. Mota haivuti hewa, kwa hiyo mlima hauipunguzii nguvu. Kericho iko kwenye mita kama 2,000, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa, na injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ile Probox inayogumia kilimani ikiwa na abiria, kuku na mikebe ya maziwa haijazeeka tu. Inahema.

Lori linaloshuka likijichaji

Hii ndiyo rekodi niliyoipenda kuliko zote, na inahusu mawe. Karibu na mji wa Biel, Uswisi, kuna lori la machimbo aina ya Komatsu lililogeuzwa kuwa la umeme. Lina tani 45 likiwa tupu. Hupanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, huku mota zikilizuia lisikimbie na kurudisha umeme kwenye betri. Kushuka huingiza zaidi ya kupanda kunavyotumia.

Fanya hesabu ya kwetu. Lori la tani 10 likitoka Kericho hadi Kisumu hushuka mita zipatazo 870. Katika mteremko huo mna nishati ya uniti 23 hivi za stima. Lori la dizeli halirudishi hata chembe yake kwenye tangi. La umeme lingeokoa sehemu yake. Na breki huku si hadithi. Juni 30, 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa kwenye makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50. Sidai kwamba umeme ungewaokoa. Nasema tu kwamba chombo chenye njia ya pili ya kujizuia kinastahili kusikilizwa mahali kama hapa.

Petroli ghali kuliko wakati wowote uliotangulia

Oktoba 2023 lita moja Nairobi ilifika shilingi 217.36. Mwaka huo huo wenye vyombo vya umeme walipewa bei yao: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya tozo.

Safari ndefu kwa jua

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch waliendesha pikipiki ya Roam, kampuni ya Nairobi, hadi kwao Afrika Kusini, takriban kilomita 6,000 kwa siku 17, wakichaji kwa jua. Wangefanya hivyo Kericho ningeshangaa zaidi: mji huu hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Uamuzi wangu ni huu. Probox ya Bomet–Narok ibaki na petroli mpaka chaja ziote njiani. Lori la majani ya chai ni jambo jingine. Hutoka kiwandani tupu, huzunguka vituo vilevile, magunia yakaning'inizwa kwenye kulabu, likarudi siku hiyo hiyo kulala pale pale penye stima. Wenye mashamba makubwa ya Kericho wamezalisha umeme kwa mito yao kwa miongo mingi. Sijaona bado malori yao yakiacha foleni ya dizeli. Na wewe mkulima mdogo mwenye hisa katika kiwanda cha chai, mkutano wa mwaka ukiitishwa, muulize mkurugenzi uliyemchagua lori la kwanza la umeme linakuja lini. Akikujibu kwamba halitapanda, mtajie Pikes Peak.