Je, Wajua? Ganda, Kiini na Amri za Herufi Mbili

Taja CPU mbele ya mkulima wa kahawa wa Mbozi, naye atafikiria mtambo wa kumenya kahawa kabla hajafikiria kompyuta. Matunda mekundu yanamiminwa juu, mashine inabandua ganda la nje, basi, kazi yake imeishia hapo. Punje zenye utelezi zinateremkia kwenye matangi, zinaachwa zichachuke, zinaoshwa, kisha zinapelekwa vichanjani kuanikwa. Kukoboa ni kazi ya kiwanda kingine, siku nyingine. Hakuna hatua inayojifanya inajua kazi ya mwenzake. Kijana aliyekulia kata ya Ihanda na kuuona mtiririko huo kila msimu amekwisha kupiga hatua ya kwanza ya kuielewa Unix bila kujijua, kwa sababu mfumo huo wa kompyuta uliozaliwa mwaka 1969 umejengwa kwa mantiki iyo hiyo. Hata majina ya sehemu zake kuu mbili yanaeleweka shambani: kiini, kinachozungumza na vyuma vya mashine, na ganda, linalopokea amri unazoandika.

Wengi wanaotaka kuanza huahirisha kwa sababu moja: hawana mashine nzuri. Wanangoja kompyuta mpakato mpya, wanangoja intaneti isiyokatika, wanangoja chuo. Historia ya chombo chenyewe inawapinga, maana Unix ni zao la uhaba, na karibu kila tabia yake inayomshangaza mgeni ilitokana na uhaba huo. Mwaka 1969 maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, ilijitoa katika mradi mkubwa na ghali wa mfumo ulioitwa Multics. Ken Thompson akabaki na hamu lakini bila mashine. Aliyoipata ni PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, yenye kumbukumbu ya takriban kilobaiti 18 tu. Simu janja ya bei ya chini yenye gigabaiti mbili inaizidi mashine hiyo zaidi ya mara 100,000. Humo ndimo yeye na Dennis Ritchie walimoanza kupanga mafaili, folda na amri kwa namna ambayo haijabadilika sana hadi leo.

Angalia majina ya amri zenyewe: ls ya kuorodhesha mafaili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta. Mgeni hudhani ni lugha ya siri ya wajuaji. Kumbe walikuwa wakiandika kwa mashine za teletaipu zilizochapa herufi kumi tu kwa sekunde, kila herufi ikigongwa kwa nguvu na jibu likitoka kwenye karatasi. Mtu wa namna hiyo hatakubali jina refu, wala hatataka programu inayopiga porojo. Ndiyo maana amri nyingi za Unix zikifanikiwa hunyamaza kimya. Ubahili huo unamfaa leo mtu aliye mahali penye mtandao dhaifu. Amri ya maandishi inayotumwa kwenye mashine iliyo Dar es Salaam hubeba herufi chache tu, wakati picha ya skrini nzima ingekuwa bado inajivuta.

Wazo la mtiririko nalo lilikuwa na mtu wake. Doug McIlroy, mkuu wa akina Thompson, alikuwa ameandika tangu mwaka 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kwa kipande kadiri kazi inavyotaka. Alisubiri miaka kadhaa. Mwaka 1973 Thompson aliuingiza mrija kwenye Unix kwa usiku mmoja, na alama yake ni kile kistari kilichosimama wima, |. Tuseme karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ana faili liitwalo kahawa.txt, ambamo kila mstari una tarehe, kata na kilo, zikitenganishwa kwa mkato: 12/06,Ihanda,84. Anataka kujua kila kata imeleta mzigo mara ngapi. Anaandika hivi:

cut -d, -f2 kahawa.txt | sort | uniq -c | sort -n

Amri ya kwanza inakata safu ya pili na kutoa majina ya kata peke yake, Ihanda, Iyula, Ihanda, Igamba, yakiwa yamechanganyikana. Ya pili inayapanga kwa alfabeti ili yanayofanana yakae pamoja. Ya tatu inahesabu yanayofuatana na kuyafanya mstari mmoja. Ya nne inapanga kwa idadi, kata iliyoleta mara nyingi zaidi ikabaki chini kabisa. Mistari 20 au mistari milioni mbili, amri ni ile ile. Sasa mwanafunzi aiondoe sort ya kwanza aone. Mashine haitalalamika, itatoa jibu, na jibu litakuwa la uongo, kwa kuwa uniq huhesabu tu majirani waliofuatana. Kosa hilo moja, likifanywa kwa mkono na kugunduliwa kwa jicho, hufundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu. Ushauri wa kwanza kwa anayeanza ni huo: usikariri orodha ya amri mia. Chukua nne, zilete kwenye kazi uliyonayo kweli, iwe daftari la duka au mahudhurio ya kwaya, kisha ziharibu makusudi uone zinavyovunjika.

Mashine ya kujifunzia, basi, itoke wapi? Simu nyingi mikononi mwa watu ni za Android, na Android imekalia kiini cha Linux, ndugu wa Unix aliyeandikwa upya. Programu ya Termux huweka ganda ndani ya simu hiyo, na ikishapakuliwa pamoja na zana zake hufanya kazi bila bando. Kompyuta kuukuu iliyoshindwa na Windows mpya ni bora zaidi, kwa sababu ya kibodi; Linux huwekwa bure, na unaweza hata kuijaribu kwa kuiwashia kwenye flashi bila kugusa diski. Linus Torvalds mwenyewe alianza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwenye kompyuta aliyoinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Tangu Novemba 2017 kila mashine katika orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani imekuwa ikiendeshwa na Linux. Na mfumo wa DHIS2, ambao vituo vya afya nchini hutumia kutuma takwimu zao, ni programu huria ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga pamoja na wenzao wa Oslo.

Kuhusu bando, kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Tunduma na kuunganishwa na Zambia, lakini mtu wa kawaida bado ananunua intaneti kwa kipimo. Unix ilizaliwa kabla ya mitandao hii, kwa hiyo mwongozo wake husafiri ndani yake. Ukiandika man ls, maelezo ya amri hiyo yanafunguka papo hapo, bila mtandao. Mwongozo wa kwanza ulitolewa Novemba 1971, na tangu toleo hilo kurasa zake zilikuwa na sehemu ya kasoro, ambamo waandishi walikiri wenyewe mahali programu yao inapokwama. Sijui viwanda vingi vinavyobandika kasoro za bidhaa zao juu ya kopo.

Mtu makini atapinga hapa. Uhaba gani huo, atauliza, wakati Bell ilikuwa maabara ya shirika la simu la Marekani, tajiri kupindukia? Pingamizi hilo ni zito, na sehemu yake ni kweli. Akina Thompson walikosa mashine, hawakukosa mshahara wala muda, na zaidi ya yote hawakukosa wenzao. Ritchie aliandika baadaye kwamba walichokuwa wakikitafuta ni mfumo ambao watu wangeweza kukusanyika kuuzunguka. Kijana aliye peke yake Ihanda ana uhaba wa aina nyingine, na akili yake pekee haiwezi kuuziba. Lakini hata hapo chombo chenyewe kinaonyesha njia, kwa kuwa kilibuniwa ili mashine moja itumiwe na watu wengi, kila mmoja na jina lake, folda zake na ruhusa zake. Wanafunzi watatu wenye kompyuta kuukuu moja wanaitumia Unix kwa namna iliyokusudiwa kuliko mtu mmoja mwenye mashine tatu. Tena watumiaji wa kwanza wa nje hawakuwa wataalamu. Walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza, waliopewa Unix mwaka 1971 waandalie maombi ya hataza.

Pingamizi la lugha ni gumu zaidi. Amri hazina shida kubwa: neno grep halimwambii Mwingereza lolote zaidi ya linavyomwambia Mnyiha wa Mbozi, na awk ni herufi za kwanza za majina ya wabunifu wake watatu, Aho, Weinberger na Kernighan. Shida ni miongozo, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza kikavu. Ilijaribiwa kupunguzwa. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na ukaacha nyuma faharasa ya istilahi. Menyu zilitafsirika, kurasa za mwongozo wa Unix bado zinangoja. Nadhani kazi hiyo inamfaa sana anayeanza, kwa sababu hakuna anayesoma ukurasa kwa uangalifu kuliko anayeutafsiri, na programu huria hupokea mchango wa yeyote, kutoka popote.

Halafu kuna jina baya. Kiswahili cha magazeti kimemwita hacker mdukuzi, neno linalomtaja mtu anayechungulia na kusikiliza yasiyomhusu, na kwa mwizi wa mtandaoni linafaa kabisa. Ila waliolianzisha neno la Kiingereza walikuwa wanafunzi wa chuo cha MIT mwishoni mwa miaka ya 1950, wanachama wa klabu ya treni za mfano, waliolala chini ya meza wakiunganisha nyaya na swichi za reli ndogo. Kwao lilimaanisha mtu anayekifungua kitu aone kinavyofanya kazi, kisha akakifanya kifanye jambo ambalo hakikuundiwa. Sisi tuna neno la mtu huyo tangu zamani: fundi. Lina undugu na kufunda na kufunza, na gereji yoyote ya malori kwenye barabara ya Tunduma inaonyesha maana yake: kijana anashika spana, anatazama, anakosea, anaulizwa kwa nini. Utamaduni wa Unix ndio huo, pamoja na adabu zake. Unajaribu kwanza, unasoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho, ndipo unauliza, ukieleza ulichofanya na mashine ilichojibu. Na injini unayoifungua iwe yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na haitofautishi mwizi na mwanafunzi aliyekuwa anajaribu tu.

Wapo watakaosema siku hizi akili bandia inakuandikia amri, ya nini kuhangaika. Inaandika, tena vizuri. Lakini rm haina pipa la taka: kilichofutwa kimekwenda. Anayebandika amri asiyoielewa akabonyeza Enter ndiye anayebaki na folda tupu, na programu iliyomshauri haitamlipa. Kuisoma amri kabla ya kuiendesha kunahitaji ujuzi ule ule wa kuiandika.

Uhaba uliozaa mfumo huu umeacha na deni lake. Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambao kwetu ulikuwa saa tisa za usiku, Alhamisi. Kumbukumbu ilikuwa ghali, kwa hiyo hesabu ilipewa nafasi ya biti 32 tu. Mashine mpya zimekwisha kupewa 64, lakini vifaa vingi vidogo vilivyofungiwa ndani ya mageti, mizani na mitambo havijaguswa. Fungua ganda kwenye simu uandike date -d @2147483647. Itakujibu Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, sekunde ya saba. Kwenye kifaa ambacho hakuna fundi aliyekifungua kabla ya hapo, sekunde inayofuata itakuwa usiku wa 13 Desemba 1901.